Ndinga Milioni 80, Matairi ya Kuombea Mvua Isinyeshe

Kuna staa mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, aliyekwenda kula bata Mbegani masika yaliyopita akiendesha mwenyewe, akarudi mjini gari lake likivutwa. Alitoka na Crown Athlete nyeusi, namba E, rimu za inchi 19, eksozi ikipita Bunju watu wa Mapinga wanajua kuna mtu anakuja. Jumamosi ikawa ya picha, pweza wa kuchoma na video za machweo. Jumapili jioni mbingu zikafunguka. Kati ya Kerege na Mapinga gari likamponyoka, likazunguka mara moja na nusu, likaingia mtaroni kinyumenyume. Dada aliyekaa kiti cha pembeni akavunjika mfupa wa bega. Kijana wa bodaboda aliyekuwa anatokea upande wa pili akapona kwa nafasi ya kiganja.

Mitandaoni ubuyu ukamwagika siku tatu. Wengine wakasema amerogwa na msanii mwenzake. Wengine wakasema ni kiki, kwa sababu kulikuwa na wimbo mpya unakuja. Wenye busara kidogo wakasema breki zilikatika. Hakuna aliyejisumbua kuvuta ile picha aliyoiposti mwenyewe Jumamosi asubuhi, ameegemea mlango wa gari, mguu mmoja juu ya tairi la mbele. Tairi linaonekana vizuri kabisa. Kashata zake ni mistari miwili mitatu, kama mikunjo ya kiganja, na sehemu yote iliyobaki ni mpira mtupu. Kama kuna mchawi pale, basi mchawi huyo ana nyuzi za chuma tumboni na amefungwa kwa nati tano.

Yale matairi si mabovu, na hapo ndipo utamu wa stori ulipo. Ni ghali, ni mapya, na mtu aliyemuuzia hakumdanganya alipomwambia kwamba ni ya mashindano. Ni yale yanayoitwa semi-sliki: mpira laini sana, mifereji michache, yametengenezwa kwa ajili ya kukimbizana kwenye traki siku ya jua, ila yamepewa ruhusa ya kutembea barabarani ili mwenye gari aweze kwenda traki na kurudi nyumbani. Kwenye lami kavu na ya moto yananata kama gundi. Kwenye maji yaliyotuama ni habari nyingine, na Barabara ya Bagamoyo mwezi wa nne ina maji yaliyotuama.

Tatizo la mastaa wa mjini na tairi ni kwamba wanalichagua kama wanavyochagua raba. Linapendezaje? Fulani anavaa gani? Rimu inajaa? Hakuna anayeuliza swali la kijinga lakini la maana: gari hili litakuwa wapi mvua ikinyesha?

Jibu kwa watu wa Dar linajulikana. Litakuwa njiani kwenda kaskazini. Wikiendi ya mtu mwenye ndinga huanzia Mwenge, hupita Tegeta, Boko, Bunju, Mapinga, Kerege, Zinga, na kuishia Mbegani au Bagamoyo mjini, kilomita kama 70 hivi kutoka katikati ya jiji. Ni barabara ya ajabu kwa tairi. Mwanzo ni foleni na joto. Katikati ni kibao cha 50, kisha nafasi, kisha 50 tena, matuta, watoto wa shule, na trafiki na tochi yake chini ya mwembe. Kisha mchanga, maana upepo wa bahari na magari yanayotoka njia za vumbi huuleta juu ya lami, unakaa pale miezi yote ya kiangazi ukichanganyika na oili na dizeli ya malori. Mvua ya kwanza ikigusa mchanganyiko huo, dakika kumi za mwanzo lami inakuwa kama sahani iliyosuguliwa sabuni haijasuuzwa. Ikiendelea kunyesha, uchafu unaoshwa na kinachobaki ni maji. Kwa hiyo barabara moja, siku moja, ina hali tatu tofauti. Na wengine hawaishii Bagamoyo. Wanaunganisha na barabara ya Msata, wanavuka Ruvu, wanaelekea Tanga au Moshi bila kupita Chalinze. Huko ndiko mguu wa kulia unakokuwa mzito.

Formula 1 wanajua jambo hili kuliko mtu yeyote. Kukiwa kukavu wanatumia tairi lisilo na mfereji hata mmoja. Mvua ikianza wanaingia pembeni, wanafunga lenye mifereji, na lile la mvua kubwa Pirelli wanasema lina uwezo wa kutupa lita 85 za maji kwa sekunde kwa mwendo wa 300. Kubadilisha manne yote ni kama sekunde mbili na nusu. Sasa staa wa Bongo akifika Kerege mvua ikaanza, ana mafundi wangapi pembeni ya barabara wanaomsubiri na jeki? Ana tairi alilotoka nalo nyumbani, basi.

Hata Safari Rally ya Kenya, iliyorudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 baada ya miaka 19, ilibadilika sura mwaka 2024 ilipohamishiwa mwezi Machi, karibu na mvua za masika. Madereva wanaolipwa kwa kazi hiyo wanakuna vichwa asubuhi Naivasha, wachukue mpira laini au mgumu, wabebe spea ngapi. Wao wana watabiri wa hali ya hewa. Kijana wa Sinza ana mtu wa duka aliyemwambia "chukua hii kaka, ndiyo wanatumia mabosi."

Haya, tairi linafanya nini hasa kwenye maji? Sehemu inayogusa barabara kwa kila gurudumu ni ndogo, kama kiganja cha mtu mzima hivi. Mifereji ipo kwa kazi moja: kupokea maji yaliyo mbele ya kiganja hicho na kuyatupa nyuma na pembeni kabla mpira haujafika. Mwendo ukizidi, au maji yakizidi, au mifereji ikiwa imeisha, maji yanakosa pa kwenda. Yanajikusanya mbele ya tairi kama kabari na kulinyanyua. Gari linaelea. Stelingi inakuwa nyepesi ghafla, kama imekatwa, na breki zinakuwa pambo. ABS haina msaada, kwa sababu ABS inagawa mshiko uliopo, haitengenezi mwingine.

Wahandisi wa NASA miaka ya 1960, wakichunguza kwa nini ndege zinateleza kwenye njia za kutulia, walipata kanuni inayoonyesha kwamba mwendo wa kuanza kuelea unategemea sana upepo uliomo ndani ya tairi. Ni kanuni ya matairi ya ndege, kwa gari ni makadirio, lakini inafundisha. Tairi lenye upepo wa 36 linaweza kuanza kuelea kwenye kilomita 100 kwa saa hivi, pale maji yanapozidi uwezo wa mifereji. Lenye upepo wa 25, kwenye 83 hivi. Tofauti hiyo ya kilomita 17 ni ya bure, inapatikana kwenye kituo chochote cha mafuta kwa kuomba upepo. Wapo wanaopunguza upepo kwa makusudi ili gari "likae chini" kwenye picha. Wapo pia wanaolipia naitrojeni wakidhani wamenunua usalama, wakati hewa ya kawaida nayo ni naitrojeni asilimia 78. Namba sahihi imeandikwa kwenye kibandiko kilichopo kwenye fremu ya mlango wa dereva, na haijawahi kuwa "weka 40 zote, bosi."

Upana nao una uongo wake. Mjini tairi pana ni heshima. Kwenye kukavu lina faida, hilo halina ubishi. Kwenye maji linapaswa kusukuma maji mengi zaidi kutoka njiani, na uzito wa gari umetandazwa kwenye upana mkubwa, hivyo linaelea mapema kuliko jembamba lenye mifereji ileile. Mtu anayetoa saizi ya kiwandani ya 225 na kuweka 265 kwa ajili ya muonekano amejinunulia ngalawa.

Halafu hesabu, na hii ni fizikia ya sekondari tu. Gari linalokwenda 100, tairi zuri, lami kavu, mshiko wa 0.9: breki zikishikwa kikamilifu linasimama baada ya mita 44 hivi. Lami ileile ikilowa, tairi zuri la mvua likatoa mshiko wa 0.7: mita 56. Tairi kipara likatoa 0.4: mita 98. Karibu uwanja mzima wa mpira. Na hapo hazijahesabiwa mita 28 zinazopita kwa sekunde moja ya dereva kushtuka na kupeleka mguu kwenye breki. Ukiweka mtoto wa shule ya msingi Zinga mahali popote kati ya mita 56 na mita 98, habari ya tairi inaacha kuwa habari ya magari.

Kuna kundi la pili, kubwa kuliko la mastaa, na hili halina kosa la kujitakia. Ni vijana wanaoagiza Subaru, Mark X na Crown kutoka Japani, gari linashuka bandarini likiwa na matairi yenye kashata nene, mwenye gari anafurahi: "Yaani bado mapya kabisa, sinunui leo wala kesho." Mengi ya matairi hayo ni ya theluji. Wajapani wa mikoa ya baridi hufunga matairi maalumu ya majira hayo, na gari likiuzwa msimu huo linaondoka nayo. Ukutani mwa tairi limeandikwa STUDLESS, au majina kama Blizzak na iceGUARD. Mpira wake ni laini kama wa kifutio, umekatwakatwa vijistari maelfu ili ushike barafu kwenye nyuzi joto chini ya 7. Lete mpira huo Mbegani, nyuzi 30, lami imechemka tangu saa nne asubuhi. Unayumba kwenye kona kavu, unaisha haraka, na kwenye lami iliyolowa ya nchi ya joto unahitaji nafasi ndefu zaidi kusimama kuliko tairi la kawaida. Kashata nene imemficha adui. Mtangazaji mmoja wa redio, kijana mwenye Forester ya bluu, alitembea nayo miezi minane akijisifu kwamba hajawahi kununua tairi, mpaka fundi mmoja wa Mwenge alipomuuliza kama huko anakokwenda kuna theluji.

Kundi la tatu ni la mtumba. Hapa maoni yatawaudhi wengi, lakini yasemwe. Mtu kununua shati la mtumba ni akili. Kununua tairi la mtumba kwa gari la kutembea 50 mjini, kwa mfuko uliobana, linaeleweka, ingawa halipendezi. Lakini kununua tairi la mtumba kwa gari la farasi 300, kwa sababu hela yote imeishia kwenye rimu, hiyo ni dharau kwa abiria. Tairi huzeeka hata likiwa limekaa. Jua, joto na hewa vinalikausha mpira, linakuwa gumu, na mpira mgumu haushiki lami iliyolowa hata kama kashata zimejaa. Pwani hii jua halina huruma.

Umri wake haufichiki. Ukutani mwa matairi mengi kuna herufi DOT na msururu wa alama, na mwisho wake tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 1423 maana yake wiki ya 14 ya mwaka 2023. Mara nyingine zipo upande mmoja tu, na upande huo, kwa bahati ya ajabu, ndio unaofungwa kwa ndani.

Anayedhani umri wa tairi ni mambo ya wazee amkumbuke yule mwigizaji wa Marekani aliyekuwa sura ya filamu za Fast & Furious, ambaye nusu ya vijana wa Dar walijifunza kupenda magari kwake. Alifariki Novemba 30, 2013 huko Santa Clarita, California. Kukavu, mchana, hakuna mvua. Gari lilikuwa Porsche Carrera GT, zaidi ya farasi 600. Uchunguzi wa polisi uliotolewa Machi 2014 ulisema chanzo ni mwendo: kati ya kilomita 130 na 150 kwa saa mahali pa 72. Lakini ulitaja kitu kingine ambacho mashabiki wengi hawakukibeba. Matairi ya gari lile yalikuwa na umri wa miaka 9, na huenda yaliathiri namna gari lilivyoshika barabara. Gari la ndoto, tairi lenye umri wa mtoto wa darasa la tatu. Na jambo ambalo picha za ukutani hazisemi: siku ile hakuwa dereva. Alikuwa abiria, amekaa kiti kilekile cha pembeni.

Kwa hiyo kijana anayetaka gari lishike kona kavu ya Mapinga na lisimuumbue mvua ikimkuta Zinga anunue nini? Jibu ni tofauti na lile la dukani. Asinunue semi-sliki, hata akipewa nusu bei. Asinunue tairi la matope lenye kashata kama ngazi, hilo ni la kwenda shamba Lugoba. Anatafuta lile la katikati, tairi la barabarani la daraja la juu kwa nchi za joto: mpira uliochanganywa silika, mifereji mitatu au minne mipana inayozunguka tairi zima bila kukatika, bega la nje lenye kashata kubwa ngumu kwa ajili ya kona. Michelin Pilot Sport, Continental SportContact, Goodyear Eagle F1 Asymmetric na wenzao ndio wanaotajwa sana, na zipo kampuni za bei ya chini kidogo zenye muundo wa aina hiyo. Kwenye kukavu linashindwa na semi-sliki kwa kiasi ambacho dereva wa kawaida hawezi kukiona bila saa ya kuhesabia mizunguko. Kwenye maji linaishinda kwa kiasi ambacho kila mtu anakiona, hata aliyefumba macho kiti cha nyuma.

Namba zinasaidia, mradi zisomwe kwa akili. Kuna ile ya TREADWEAR. Pilot Sport Cup 2, ambalo ni la traki, limeandikwa 180. Pilot Sport 4S, la barabarani, 300. Namba ndogo kwa kawaida ni mpira laini unaoisha haraka, ila kila kampuni hujipimia yenyewe, kwa hiyo 300 ya huyu na 300 ya yule si lazima zilingane. Pembeni yake kuna TRACTION, herufi AA, A, B au C. Hapo ndipo wengi wanapopigwa. Herufi hiyo hupimwa kwenye lami iliyolowa, lakini kwa kusimama kwenye mstari ulionyooka tu. Haisemi chochote kuhusu kona wala kuelea. Ndiyo maana Cup 2 lile la traki nalo lina AA yake safi kabisa, na muuzaji anaonyesha herufi kwa kidole kama cheti cha ndoa.

Msaada zaidi unatoka kwenye kile kibandiko cha Ulaya chenye picha ya wingu la mvua. Baadhi ya matairi yanayoingia Dar huja nacho bado kimebandikwa juu ya kashata, na watu wanakibandua bila kukisoma. Kinapima kusimama kwenye maji, na tangu Mei 2021 madaraja yake ni A hadi E. Kwenye kile cha zamani, kilichoanza 2012, tofauti kati ya A na F ilikadiriwa kufika mita 18 kutoka mwendo wa 80. Mita 18 ni daladala mbili aina ya Coaster zimepangana na nafasi inabaki.

Baada ya hapo ni mambo ya fundi, na mafundi wa mtaani ni wazuri ila wana haraka. Tairi lenye kashata za umbo la V lina mshale na neno ROTATION. Likifungwa kinyume, mifereji iliyotakiwa kutupa maji nje inayavuta ndani. Lile la kashata tofauti pande mbili lina neno OUTSIDE, ambalo linatakiwa lionekane na mtu aliyesimama nje ya gari. Haichukui sekunde tano kuangalia. Gari moja la msanii wa singeli, lenye matairi mazuri kabisa, lilipigwa picha sita kwa ajili ya jalada la wimbo, na kwenye picha zote sita neno linalosomeka ubavuni ni INSIDE.

Na wale wanaonunua mawili kwanza, mengine mwezi ujao? Karibu kila mtu atafunga mapya mbele, kwa hoja kwamba mbele ndiko kunakoongoza. Watengenezaji wa matairi wanashauri kinyume: mapya nyuma. Mbele kukiteleza dereva anahisi stelingi, anaachia mafuta, gari linarudi. Nyuma kukiteleza gari linageuka lenyewe, na wachache sana wana mikono ya kulirudisha kwenye mvua. Wenye Subaru za kuvuta magurudumu manne wasijaribu hata hilo, kwa sababu mfumo wake unataka matairi yote manne yalingane, la sivyo diferensho ndiyo italipa.

Kuhusu kuisha, ndani ya mifereji kuna vibonge vidogo vya mpira. Kashata ikishuka ikalingana navyo, imebaki milimita 1.6, na huko Ulaya hapo ndipo sheria inaposema basi. Kwa mtu wa pwani anayekwenda Mbegani masika na vuli, kusubiri hadi hapo ni kuchelewa. Milimita 3 zinatosha kuanza kutafuta hela. Wanaobisha watasema hela hiyo haipo. Ipo. Seti nzuri ya matairi manne kwa gari la rimu 17 mara nyingi haifiki bei ya simu ambayo mtu huyohuyo amerekodia ile video ya "tumetoka salama, Mungu mwema." Trafiki akimkuta na vipara atamwandikia 30,000, atalipa, ataondoka na vipara vyake vilevile. Faini hiyo haijawahi kumtisha mtu aliyelipa milioni moja kwa meza ya klabu.

Kuna mwigizaji mmoja wa Bongo Movie, dada mwenye BMW nyeupe ya milango minne, ambaye mwaka huu alichekwa sana baada ya kushusha rimu kutoka 19 hadi 17. Mitandaoni wakasema amefulia, mchumba ameondoka na rimu zake. Ukweli ni kwamba rimu za 17 zilimpa tairi la ukuta mnene zaidi, jembamba kidogo, la saizi ya kiwandani, na chenji ikabaki. Kabla ya kununua alipita maduka manne ya Kariakoo. La kwanza walimpa soda. La pili walimwambia anaonekana mkali kuliko kwenye tamthilia. La tatu alimwomba kijana wa dukani alilaze tairi, akainama na kucha zake ndefu, akaligeuza mwenyewe, akawasha tochi ya simu, akatafuta zile tarakimu nne upande ulioelekea chini. 1117. Kijana akamwambia, "Dada, hiyo ni namba ya mzigo tu." Akamshukuru, akanawa mikono kwa maji ya chupa, akaenda duka la nne.